Kisumu hadi Mombasa: Kilomita 700 za anga, lakini saa ngapi za safari?

MSAFIRI anayetaka kutoka Kisumu hadi Mombasa kwa ndege huuliza kwanza umbali, kisha bei ya tiketi. Ni nadra aulize swali la tatu, ambalo ndilo litakaloamua siku yake itakavyokwenda: je, ndege hiyo itatua mahali pengine njiani?

Swali hilo si la anasa. Mfiwa anayewahi mazishi, mgonjwa mwenye miadi na daktari bingwa, mwombaji kazi aliyeitwa kwa mahojiano bandarini saa tano asubuhi, wote hawa hulipa nauli ya ndege kwa sababu moja tu: kununua muda. Wengine huuza mbuzi au huchangiwa na jamaa ili nauli hiyo ipatikane. Endapo muda walioununua utapotelea kwenye viti vya ukumbi wa kungojea, watakuwa wamelipia kasi ambayo hawakuipata.

Ndiyo maana inafaa kueleza, kwa hesabu isiyomshinda mwanafunzi wa shule ya upili, umbali halisi kati ya viwanja hivi viwili, muda ambao ndege huhitaji kuumaliza, na sababu zinazofanya mambo hayo mawili yasilingane.

Umbali hupimwaje?

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu mno na ikweta, kwenye latitudo ya dakika 5 tu kusini na longitudo ya nyuzi 34 na dakika 44 mashariki. Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, uko nyuzi 4 na dakika 2 kusini, na nyuzi 39 na dakika 36 mashariki.

Mabaharia, na baada yao marubani, walirithi kipimo kinachorahisisha hesabu hii. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Hapa kwetu, kwa kuwa tuko ubavuni mwa ikweta, hata dakika moja ya longitudo hukaribia kuwa maili moja ya bahari. Mkazi wa London hana bahati hiyo, kwa kuwa mistari ya longitudo husogeleana kadiri mtu anavyoelekea kwenye ncha za dunia.

Basi, kutoka Kisumu hadi Mombasa ndege huteremka kusini kwa dakika 237 na kusogea mashariki kwa dakika 292. Ukizichukua namba hizo kuwa pande mbili za pembetatu mraba, kisha utumie kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu utakuwa maili 376 za bahari. Hizo ni kilomita 696 hivi.

Mstari huo ukichorwa kwenye ramani utapita kati ya Kericho na Bomet, ukaribie miji ya Narok na Kajiado, uvuke vilima vya Chyulu, kisha ukate mbuga ya Tsavo hadi pwani. Mlima Kilimanjaro utabaki upande wa kulia, kiasi cha kilomita 75 hivi, kwa hivyo anayekwenda Mombasa mbingu zikiwa safi hufanya vyema kuketi dirishani upande huo.

Kwa barabara, safari hiyo huzidi kilomita 800 kwa sababu gari hulazimika kufuata Kericho, Nakuru, Nairobi na Voi. Basi huhitaji saa 14 au zaidi, kutegemea msongamano wa malori na vituo vya kupumzika.

Nairobi si mzunguko mkubwa

Hapa ndipo wengi hukosea. Abiria anapoambiwa kwamba safari yake itapitia Nairobi, hudhani kuwa anazungushwa, na kwamba ucheleweshaji unatokana na kilomita za ziada. Hesabu inakanusha dhana hiyo.

Kutoka Kisumu hadi Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Kutoka JKIA hadi Mombasa ni kilomita 422 hivi. Jumla yake ni kilomita 702. Tofauti kati ya njia hiyo na ile ya moja kwa moja haifiki kilomita 10, umbali ambao ndege ya jeti huumaliza kwa muda usiozidi dakika moja.

Hilo halikutokea kwa sadfa tupu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ililenga Ziwa Victoria, ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Nairobi ilizaliwa mwaka wa 1899 ikiwa kituo cha wajenzi wa reli hiyo. Mji mkuu wetu, kwa hivyo, ulimea njiani baina ya bahari na ziwa, na mpaka leo anayesafiri kati ya ncha hizo mbili hukuta Nairobi imekaa katikati kama mlango wa ua.

Ikiwa kilomita si tatizo, muda huenda wapi?

Dakika za ndege

Ndege ya jeti aina ya Embraer 190, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika safari za ndani ya nchi, huenda kwa takriban kilomita 830 kwa saa ikiwa imetulia angani. Kwa kasi hiyo, kilomita 422 za Nairobi hadi Mombasa zingekwisha kwa dakika 31. Hata hivyo, ratiba za safari hiyo aghalabu huandika saa moja. Kisumu hadi Nairobi ingechukua dakika 20, ilhali ratiba huweka dakika 45 au 50.

Mashirika ya ndege hayadanganyi. Muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu magurudumu yanapoondolewa vizuizi kwenye maegesho hadi yanapowekewa vizuizi tena mwisho wa safari. Ndani ya muda huo mna kusukumwa kutoka maegesho, kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, kupaa, kushuka, kujipanga nyuma ya ndege zilizotangulia, kutua na kutambaa tena.

Kupaa na kushuka ndiko kunakomeza sehemu kubwa ya safari fupi. Marubani hukadiria kuwa ili kupungua kimo cha futi 1,000 kwa utaratibu usiowaumiza abiria masikio, ndege husonga mbele maili 3 za bahari. Ndege iliyo futi 25,000 juu ya Tsavo ikielekea Mombasa, ambako uwanja uko futi 200 tu kutoka usawa wa bahari, itaanza kushuka ikiwa bado ina kilomita 140 hivi za kwenda, yaani ikiwa maeneo ya Voi. Tangu hapo kasi yake hupunguzwa hatua kwa hatua.

Safari ya Kisumu hadi Nairobi huonyesha jambo hili vizuri zaidi. Uwanja wa Kisumu uko futi 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na JKIA futi 5,330. Kati yake kuna kuta za Bonde la Ufa. Ndege hupaa, hukaa kitambo kidogo kwenye kimo chake, kisha huanza kushuka. Wahudumu huwa hawajamaliza kukusanya vikombe vya maji.

Kwa sababu hiyo, ndege yenye kasi kubwa haimpunguzii abiria muda kwa kiwango anachotarajia. Ndege ya rafadha aina ya Dash 8-400 huenda kwa kilomita 650 hivi kwa saa. Ikiruka moja kwa moja kutoka Kisumu hadi Mombasa itahitaji kati ya saa moja na dakika 20 na saa moja na nusu, kuanzia maegesho hadi maegesho. Jeti ya Embraer, ambayo huishinda kwa kasi kwa zaidi ya robo, itahitaji saa moja na dakika 10 au 15. Faida yake ni dakika 15 tu, kiasi ambacho msongamano wa magari pale Changamwe unaweza kukifuta mara moja.

Ndege ndogo ya abiria wachache aina ya Cessna Caravan, ambayo hukimbia kilomita 340 kwa saa, ingetumia zaidi ya saa mbili angani. Hata hiyo, kama tutakavyoona, ingeweza kumfikisha abiria mapema kuliko jeti inayotua Nairobi.

Upepo na mawingu

Katika anga ya Kenya, upepo wa juu mara nyingi huvuma kutoka mashariki. Tuseme ndege ya Dash 8-400 ina mwendo wa maili 350 za bahari kwa saa na upepo una maili 20. Ikielekea Mombasa upepo utakuwa wa mbisho, na mwendo wake juu ya ardhi utapungua hadi maili 330. Maili 376 za safari zitachukua dakika 68. Ikirudi Kisumu upepo utaisukuma, mwendo ufike maili 370, na safari ichukue dakika 61. Hiyo ndiyo sababu abiria aghalabu huona safari ya kwenda haifanani na ya kurudi.

Mawingu nayo yana lake. Ziwa Victoria huzalisha ngurumo na mvua kubwa, hasa kuanzia alasiri, na nyanda za juu za Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe. Rubani akiona wingu la radi mbele yake huzunguka, na akikuta limeukalia uwanja hungoja angani au huelekea kwingine. Kwa anayetaka uhakika wa kuondoka Kisumu kwa wakati, safari ya asubuhi ina nafuu kuliko ya jioni. Nairobi, kwa upande wake, hufunikwa na mawingu ya chini asubuhi za miezi ya baridi, kati ya Juni na Agosti, na ucheleweshaji wa ndege moja hapo huambukiza ndege nyingine mchana kutwa.

Kituo kimoja, saa tatu

Sasa tulinganishe safari mbili. Abiria wa kwanza anapanda ndege ya moja kwa moja Kisumu saa 3.00 asubuhi na kushuka Mombasa mnamo saa 4.25. Abiria wa pili anaondoka saa hiyo hiyo, anatua Nairobi saa 3.50, na ndege yake ya Mombasa inaondoka saa 6.00 adhuhuri. Atashuka Mombasa saa 7.00. Amesafiri kilomita 6 zaidi ya mwenzake, lakini amechelewa kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Muda huo haukuliwa na anga bali na ardhi: kushuka kwenye ndege, kungoja mizigo ikiwa haikusajiliwa hadi mwisho wa safari, kwenda ukumbi mwingine, kukaguliwa tena na kuketi. Na ndege ya asubuhi ikichelewa kwa saa mbili, safari yote huharibika.

Lipo tatizo jingine ambalo wasafiri wasio wazoefu huligundua wakiwa wamekwisha lipa. Nairobi ina viwanja viwili vya ndege za abiria, JKIA na Wilson, na ndege za Kisumu zimekuwa zikitumia vyote viwili. Kati yavyo mna kilomita 12 hivi kwa mstari wa anga, lakini barabara za jiji hazifuati mstari wa anga. Atakayetua Wilson ilhali ndege yake ya Mombasa iko JKIA atahitaji teksi, subira na dua. Kwenye tiketi, herufi WIL humaanisha Wilson na NBO humaanisha JKIA. Kisumu ni KIS na Mombasa ni MBA. Herufi hizo tatu zisomwe kabla ya kulipa.

Muhimu pia ni kujua kama safari nzima imo kwenye tiketi moja. Abiria mwenye tiketi moja akikosa ndege ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ile ya kwanza, kwa kawaida shirika humtafutia nafasi katika ndege inayofuata. Mwenye tiketi mbili alizonunua mbalimbali, labda kwa mashirika mawili tofauti kwa kuwa ziliuzwa rahisi, huhesabiwa kuwa hakutokea. Hasara huwa yake.

Kwa nini zisiruke zote moja kwa moja?

Katika miaka ya karibuni kumekuwako safari za moja kwa moja kati ya Kisumu na Mombasa, lakini ni chache zikilinganishwa na zinazopitia Nairobi, na ratiba zake hubadilika. Sababu yake ni ya kibiashara.

Chukua miji sita: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi na Lodwar. Ili kila mji uunganishwe na kila mwingine moja kwa moja, zinahitajika njia 15. Ukiufanya mmoja, yaani Nairobi, kuwa kitovu cha gurudumu, njia 5 zinatosha kumfikisha mtu popote. Ndege inayotoka Kisumu kwenda Nairobi hubeba kwa pamoja wa Mombasa, wa Malindi, wa Dubai na wale wanaobaki Nairobi, na hivyo viti vyake hujaa. Ile ya moja kwa moja hutegemea watu wa Mombasa pekee. Ndege yenye viti 78 ikienda na watu 25, shirika litapata hasara hata kama kila mmoja wao alishuka akiwa ameridhika.

Hata hivyo, haja ya kuunganisha ziwa na bahari kwa ndege haikuanza jana. Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifikisha huduma zake Kisumu mwaka wa 1931, na kuanzia 1937 ndege zake kubwa zilizotua majini ziliteremka kutoka Ulaya hadi Durban, Kisumu na Mombasa zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mwendo wa ndege hizo ulikuwa wa kilomita 265 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 696 zingekwisha kwa takriban saa mbili na dakika 40. Kwa maneno mengine, ndege ya zaidi ya miaka 80 iliyopita, kama ingeruka bila kutua, ingemshinda abiria wa leo anayekaa saa mbili Nairobi akingojea jeti.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Msafiri mwenye busara hahesabu muda tangu ndege iruke, bali tangu afunge mlango wa nyumba yake. Kisumu ina fadhila ya kuwa na uwanja ulio karibu na mji. Nusu saa yatosha kwa wengi. Aongeze saa moja au zaidi ya kuwahi ukaguzi. Akitua Mombasa, uwanja uko Port Reitz, bara, si kisiwani. Aweke dakika 20 za mizigo na dakika 40 za kufika mjini. Anayekwenda Likoni au Diani azingatie kivuko au barabara ya Dongo Kundu.

Kwa hesabu hiyo, safari ya moja kwa moja humgharimu takriban saa nne kutoka mlango hadi mlango. Inayopitia Nairobi huwa saa sita au saba mambo yakienda sawa. Anayekwenda kwa basi hadi Nairobi kisha akapanda treni ya SGR, iliyozinduliwa mwaka wa 2017 na ambayo hutumia saa tano hadi sita kufika Miritini, hutumia siku nzima, na lazima aongeze muda wa kufika kituo cha Syokimau.

Tofauti ya saa nne na saa saba ndiyo tofauti ya kwenda na kurudi siku moja au kulipia malazi. Kwa mfiwa, ndiyo tofauti ya kumwona marehemu kabla ya kuzikwa au kulikuta kaburi limefukiwa.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, msafiri na amuulize mwuza tiketi mambo manne: ndege inatua wapi njiani, nitangoja muda gani, je, nitabadilisha uwanja, na je, safari yote imo katika tiketi moja? Kilomita 696 zilizo baina ya Kisumu na Mombasa hazijabadilika tangu dunia iumbwe, na hakuna shirika linaloweza kuzipunguza. Saa zinazotumika kuzimaliza, hizo zinaweza kupungua kwa nusu kwa swali lililoulizwa mapema.